Celsius aliweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu. Alikuwa na maana gani?

Mdadisi Mchovu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona mchoro wa kipimajoto uliomo kwenye makala ya Anders Celsius ya mwaka 1742, nikadhani aliyeupiga picha kaupindua juu chini. Juu, mahali zebaki inapofika maji yakichemka, pameandikwa 0. Chini, kwenye theluji inayoyeyuka, pameandikwa 100. Yaani joto likipanda namba zinashuka! Maji ya kuoga yangekuwa nyuzi 60, na mgonjwa wa homa akizidiwa, namba yake inapungua badala ya kuongezeka.

Nikahakikisha kwa kutazama nakala nyingine. Ni hivyo hivyo.

Sasa naomba kujuzwa. Je, alikusudia au aliteleza? Ni nani aliyezigeuza namba zikawa kama tunavyozijua? Na kama aliyegeuza ni mtu mwingine, mbona jina limebaki la Celsius?

Lakini lililonikaa zaidi ni hili: vipimajoto vilikuwepo kabla yake. Fahrenheit alifariki mwaka 1736, tayari ana skeli yake na jina lake. Basi Celsius kaongeza nini zaidi ya kugawa kwa mia, jambo ambalo hata mtoto wa shule angelifikiria?

Majibu ya "kasome" sitaki, nimeshasoma na ndiyo maana nimechanganyikiwa.

---

Jongoo alijibu:

Hii mbona nyepesi. Aliyegeuza ni Linnaeus, yule bwana aliyeipa mimea majina ya Kilatini. Walikuwa chuo kimoja, Uppsala. Celsius alifariki mwaka 1744, mwenzake akaona huu upuuzi uishe, akakipindua kipimajoto. Jina likabaki kwa heshima ya marehemu.

Uzi ufungwe.

---

Mkaguzi wa Zebaki alijibu:

Usiufunge bado, ndugu Jongoo. Nitakurudia.

Mimi kazi yangu ni kukagua vipimajoto. Vinaletwa maabara, navilinganisha na cha rejea, naandika kila kimoja kinadanganya kwa kiasi gani na upande upi. Kwa hiyo swali la Mdadisi kwamba Celsius kaongeza nini limenigusa pabaya, maana kila ninapoanza kazi naanzia kwenye jambo alilolithibitisha yeye. Nitaanza na hilo. Habari ya namba kupinduka ndiyo inayopendwa na watu, lakini kwangu ni sehemu nyepesi ya kisa hiki.

Tazameni hali ilivyokuwa. Newton mwaka 1701 alipendekeza 0 kwa theluji inayoyeyuka na 12 kwa joto la mwili wa mtu, akitumia mafuta ya kitani kwenye mrija. Rømer wa Copenhagen alikuwa na 7.5 kwa kuganda na 60 kwa kuchemka. Réaumur wa Paris, mwaka 1730, aliweka 0 na 80, tena kwa pombe badala ya zebaki. Wengine walichukua kuwa nukta yao baridi ya mahandaki yaliyo chini ya kituo cha falaki cha Paris, na kuna aliyependekeza siagi inayoyeyuka. Siagi! Ya ng'ombe yupi, haikusemwa. Ukipewa namba bila kuambiwa kipimajoto ni cha nani, huna kitu mkononi.

Kugawa kwa mia au kwa themanini halikuwa tatizo. Mtu anaweza kugawa apendavyo akishakuwa na alama mbili za uhakika. Tatizo lilikuwa hizo alama zenyewe. Utajuaje kwamba baridi inayogandisha maji Uppsala ndiyo ileile inayoyagandisha Paris? Leo swali hilo linasikika la kitoto. Wakati ule walikuwepo wasomi wa kweli waliotilia shaka, wakidhani huenda maji huganda kwa baridi tofauti kadiri unavyosogea kaskazini au kusini. Kama wangekuwa sahihi, nukta ya barafu isingefaa kitu.

Celsius alikuwa mtu mwenye nafasi ya kipekee ya kulijibu. Alikuwa profesa wa falaki Uppsala tangu 1730. Baba yake, Nils, alikuwa profesa wa falaki, na babu zake wote wawili, Magnus Celsius na Anders Spole, walikuwa watu wa hesabu na nyota. Kati ya 1732 na 1736 alizunguka Ujerumani, Italia, Ufaransa na Uingereza, kisha akaungana na msafara wa Maupertuis, mwanahisabati Mfaransa, hadi bonde la mto Torne, Lapland, kuangalia kama dunia imebonyea kwenye ncha zake kama Newton alivyodai. (Imebonyea.) Mstari wa msingi wa vipimo vyao waliupima Desemba 1736 juu ya mto ulioganda. Kwa hiyo alikuwa ameshapima joto na baridi katika latitudo ambazo Réaumur, aliyekaa Paris, alizisikia tu.

Aliporudi nyumbani alifanya hivi. Anachukua kipimajoto cha zebaki, anakichomeka kwenye theluji inayoyeyuka, anakiacha kitulie, anatazama zebaki iko wapi. Alirudia kwa miaka miwili, miezi yote ya baridi, hewa iwe nzito au nyepesi, anga iwe safi au imefunga. Baridi ilipokuwa kali mno na theluji ya nje haiyeyuki, aliiingiza ndani karibu na moto mpaka ikaanza kulainika, ndipo akapima. Zebaki ilirudi palepale. Akaongezea ushahidi wa kule Torne, karibu na Duara la Aktiki, ambao ulikubaliana na wa Paris kwenye latitudo 49. Suala la latitudo likaishia hapo.

Kisha akageukia maji yanayochemka, na huku mambo yakawa kinyume. Alama haikutulia. Siku moja iko juu kidogo, siku nyingine chini kidogo, na ukiangalia barometa, chombo cha kupima kanieneo ya hewa, unaona vinafuatana. Fahrenheit alishaligundua hilo na kuliandika mwaka 1724. Celsius akalipima kwa utaratibu, akaona barometa ikishuka kiasi fulani nukta ya mchemko nayo inashuka kwa kiasi kinachojulikana. Basi akaweka sharti: nukta ya mchemko itiwe alama barometa ikiwa kwenye tumu 25 na laini 3 za Kiswidi, ambao ndio ulikuwa wastani wa pale Uppsala. Kwa vipimo vya leo ni karibu milimita 751 za zebaki. Sisi tumezoea 760. Ukipiga hesabu, maji yaliyochemka kwa sharti la Celsius yalikuwa pungufu ya nyuzi 100 zetu kwa theluthi moja hivi ya digrii.

Ukisoma kichwa cha makala yake ya 1742, iliyotoka kwenye jarida la Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden, utaona kinazungumzia nyuzi mbili zisizobadilika kwenye kipimajoto. Mia haitajwi. Yeye alijua habari kubwa ni ipi.

Na hakuwa anabahatisha, ndiyo tabia yake. Mwaka 1731 alichonga alama kwenye mwamba wa kisiwa cha Lövgrundet, karibu na Gävle, usawa wa bahari ulipokuwa, ili watakaokuja baadaye waone maji yameshuka kiasi gani. Leo tunajua kinachotokea ni nchi kavu kuinuka, kwa kuwa imeondokewa na uzito wa barafu ya zama za kale. Lakini angalia akili ya mtu huyu: kabla ya kubishana, tia alama isiyohama.

Mimi nikiingia maabara natengeneza nukta ya barafu hivi. Nachukua barafu ya maji yaliyokenekwa, naisaga iwe chenga, naiosha, naishindilia kwenye chupa ya kuta mbili. Naongeza maji baridi ya kuziba mianya tu. Yanayozidi nayatoa kwa mrija kutoka chini, kwa sababu maji yakijikusanya chini ya barafu yanaweza kufika nyuzi 4, nayo ndiyo yatakayosomwa badala ya barafu. Nachomeka kipimajoto mpaka alama ya sifuri ichungulie kidogo juu ya chenga, nagonga mrija kwa kidole zebaki isinate, nasubiri. Siulizi niko kwenye mwinuko gani. Siulizi barometa inasemaje. Raha hiyo ya kutouliza ndiyo Celsius alituachia.

Nukta ya mchemko mpaka leo ni ya kuulizwa maswali. Kila mita 300 hivi unazopanda mlima, mchemko unashuka karibu digrii moja, kwa hiyo usomaji bila barometa hauna maana. Tena hatukitumbukizi kipimajoto ndani ya maji. Tunakining'iniza kwenye mvuke juu yake, maana maji yenyewe hupitiliza nukta yake kutegemea chombo: kioo kikiwa laini sana mapovu hayapati pa kuanzia na joto linazidi kabla maji hayajachemka vizuri. De Luc alihangaika na jambo hilo, na tume ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, chini ya Cavendish ikapendekeza mvuke utumike, mwaka 1777. Celsius hakufika huko, alishafariki kitambo kwa kifua kikuu akiwa na miaka 42.

Sasa kupinduka.

Alikusudia, na wala hakuwa wa kwanza. Kipimajoto alichotumia kilitoka kwa Joseph-Nicolas Delisle, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg. Delisle alianza na 0 kwenye maji yanayochemka akahesabu namna zebaki inavyosinyaa kadiri inavyopoa, na mwaka 1738 Weitbrecht akairekebisha skeli hiyo ili kuganda kuwe 150. Kabla ya hapo Uppsala walitumia kipimajoto cha Hauksbee kutoka London, na hicho nacho kilikuwa na 0 juu kwenye joto kali, namba zinaongezeka kwenda chini. Kwa hiyo mtu wa Uppsala wa mwaka 1742 alikuwa amezoea kuhesabu baridi. Celsius alichukua chombo cha Delisle, akaweka 100 mahali pa 150.

Kuna hoja nyingine inayotolewa mara kwa mara, kwamba kwa mpangilio huo daftari la hali ya hewa la nchi ya baridi halihitaji alama ya kutoa. Majira ya baridi unaandika 105 au 112, basi. Nimeona madaftari ya watu wazima yaliyoharibika kwa sababu ya kistari kimoja kilichosahaulika mbele ya namba, kwa hiyo hoja hiyo siidharau. Ila nikilazimishwa kuchagua, nasema ni mazoea ya Delisle.

Ndugu Jongoo, zamu yako. Ni kweli Linnaeus, akielezea bustani ya mimea ya Uppsala mwaka 1745, alitumia kipimajoto chenye 0 kwenye kuganda na 100 kwenye kuchemka. Ni kweli pia kwamba baadaye aliandika kwenye barua kuwa yeye ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Lakini kipimajoto chake kilitengenezwa na Daniel Ekström, fundi wa vyombo wa Stockholm, na huenda fundi ndiye aliyeona mantiki ya jambo. Mårten Strömer, aliyerithi kiti cha Celsius chuoni, naye hutajwa. Na wakati Waswidi hao wanagawana sifa, kule Lyon, Ufaransa, Jean-Pierre Christin alishatoa kipimajoto chenye 0 chini na 100 juu mwaka 1743, kilichotengenezwa na fundi aitwaye Casati. Celsius alikuwa hai bado. Kwa hiyo shahidi wako wa kwamba Linnaeus ndiye wa kwanza ni Linnaeus. Kwenye baraza lolote la wazee angeambiwa akae kwanza, waitwe wengine.

Kuhusu jina, kwa muda mrefu halikuwa lake. Watu walisema kipimajoto cha Sweden, au cha Ekström, na sehemu kubwa ya dunia ilisema sentigredi. Celsius lilipitishwa rasmi na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani mwaka 1948. Mwenyewe yuko kaburini Gamla Uppsala miaka zaidi ya mia mbili.

---

Mdadisi Mchovu aliandika:

Asante sana mkuu, hapo kwenye kubadilika na kutobadilika nimekuelewa. Nilikuwa nang'ang'ana na mia wakati mia haina kesi.

Kabla hujapumzika: Fahrenheit naye? 32 na 212 zilitoka wapi? Maana kama Celsius alikuwa na mantiki ya kupindua, basi huyu wa 32 lazima awe na mantiki zaidi au awe hana kabisa.

---

Jongoo aliandika:

Mkaguzi umenipiga hadharani lakini kwa adabu, nakubali kipigo. Ila Christin huyo sikuwahi kumsikia, na ninadhani wengi humu vilevile. Mtu akizaliwa Lyon badala ya Uppsala ndiyo bahati yake hiyo.

---

Mkaguzi wa Zebaki alijibu:

Christin anakumbukwa kwao, lakini nje ya Ufaransa kweli hana bahati.

Mdadisi, Fahrenheit alikuwa na mantiki, tatizo ni kwamba mantiki ilibadilika njiani na namba zikabaki. Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686, alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara, akaishia kupenda vyombo vya kioo. Mwaka 1708 alimtembelea Rømer kule Copenhagen akaona anavyotia alama vipimajoto vyake. Rømer alikuwa na 7.5 kwa kuganda na 22.5 kwa joto la mwili. Fahrenheit hakupenda zile nusu, na akataka migawanyo midogo zaidi, akazidisha kwa nne: 30 na 90. Baadaye akasogeza tena zikawa 32 na 96.

Kwa nini 32 na 96? Hesabu tofauti yake: 64. Ukiwa na mrija wa kioo mkononi na kalamu ya kuchorea, 64 ni namba tamu. Gawa nafasi katikati, gawa kila nusu katikati, endelea hivyo mara sita, umefika kwenye digrii mojamoja bila kuhitaji chochote zaidi ya bikari. Jaribu kugawa mia kwa njia hiyo uone: 50, 25, halafu unakwama. Hapo, kwa upande wa fundi, namuunga mkono Fahrenheit.

Sifuri yake ilikuwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, baridi ambayo mtu angeweza kuitengeneza mwenyewe karakana. Na 212? Hiyo hakuichagua. Alikuta maji yanachemka hapo, akaiandika. Baada ya kufariki kwake ndipo watu walipoichukua 212 kuwa nukta rasmi pamoja na 32, kwa kuwa joto la mwili halitulii. Kwa marekebisho hayo mwili ukaondoka kwenye 96. Ile 98.6 maarufu haina uhusiano naye: ni nyuzi 37 za Wunderlich, daktari Mjerumani wa karne ya 19, zilizogeuzwa tu kwa hesabu. Ndiyo maana inaonekana sahihi mno, hadi desimali, wakati chanzo chake ni namba iliyozungushwa.

Jambo ambalo hasemewi vya kutosha ni ufundi wake. Alitengeneza vipimajoto viwili vilivyosoma sawa. Kwa wakati ule hilo lilikuwa kama muujiza. Zebaki safi, mirija yenye tundu la upana uleule kutoka chini hadi juu. Bila kazi ya namna hiyo Celsius asingekuwa na kitu cha kuchomeka kwenye theluji yake.

---

Mama Vekta aliandika:

Wanangu, yote mliyosema ni sawa, lakini mnazungumza kama vile 0 na 100 bado ndizo zinazoshikilia skeli. Zilishaachishwa kazi. William Thomson, aliyekuja kuwa Lord Kelvin, mwaka 1848 alipendekeza skeli isiyotegemea zebaki wala maji wala kitu chochote maalumu. Mwaka 1954 ikachukuliwa nukta moja tu, ile ambapo barafu, maji na mvuke vinakaa pamoja, ikapewa kelvini 273.16. Na tangu 2019 hata hiyo imeondolewa, sasa tunaanzia kwenye thamani ya Boltzmann, namba isiyobadilika inayounganisha joto na nishati ya chembe. Digrii ya Celsius leo ni kelvini kwa ukubwa, ukitoa 273.15.

Matokeo yake ni kwamba maji kwenye kanieneo ya kawaida ya hewa hayachemki tena kwa 100 kamili. Ni kama 99.97. Wanafunzi wangu huwa hawaniamini mpaka niwaoneshe hesabu.

---

Mkaguzi wa Zebaki alijibu:

Shikamoo Mama Vekta. Ni kweli tupu. Nukta ya mchemko ilikuwa na kasoro tangu siku ile Celsius alipoifunga kwa kamba ya barometa, na haishangazi kwamba ndiyo iliyotupwa kwanza kwenye kazi ya usahihi wa juu. Barafu imepona kwa kiasi chake. Kwenye maabara zenye uwezo wanatumia ile chupa ya kioo iliyofungwa yenye barafu, maji na mvuke, nyuzi 0.01, ambayo inarudia yenyewe vizuri kuliko barafu ya kusaga. Lakini kwa vipimajoto vya kawaida vinavyoletwa kwangu, chenga za barafu zinatosha kabisa.

---

Kurasa za Kale aliandika:

Samahani kudandia uzi wa mwenzangu. Ninachora grafu ya joto la karne ya 18 kwa kutumia madaftari ya Uppsala, na kwenye kipindi cha Celsius nimekutana na namba za aina hiyo ya kupinduka. Nikitoa kila namba kutoka 100 inatosha?

---

Mkaguzi wa Zebaki alijibu:

Kwa namba za skeli ya Celsius ya mwanzo, ndiyo. 100 toa namba, ikiwa 110 basi ni −10. Lakini angalia kwanza safu unayoisoma ni ya skeli gani. Kama ni ya Delisle, gawa kwa 1.5 kabla ya kutoa. Kama ni ya Hauksbee, kuganda kulikuwa karibu na 65, na vipimajoto hivyo havikukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo usitegemee fomula moja.

Mambo mengine mawili yatakayokuumiza kichwa usipoyajua mapema.

Tarehe. Sweden ilikuwa kwenye kalenda ya Julian mpaka Februari 1753, waliporuka kutoka tarehe 17 Februari hadi 1 Machi. Kila tarehe ya miaka ya 1740 unaiongezea siku 11 ndipo ilingane na kalenda yetu. Celsius mwenyewe alikuwa akiipigania kalenda mpya, lakini ilikuja yeye hayupo. Ukilinganisha na data za Paris bila marekebisho hayo, utaona mawimbi ya baridi yanafika Uppsala kwa wakati wa ajabu.

La pili ni mahali kipimajoto kilipowekwa. James Jurin, katibu wa Royal Society ya London, aliwaomba wapimaji wa Ulaya mwaka 1723 waweke kipimajoto kwenye chumba kinachotazama kaskazini, ambamo moto huwashwa kwa nadra au hauwashwi kabisa. Wengi walimtii. Kwa hiyo hata Uppsala usomaji wa miaka ya 1720 na 1730 unaweza kuwa joto la ndani ya nyumba, lenye kuchelewa kupanda na kuchelewa kushuka. Ukiona asubuhi na alasiri zinakaribiana mno kwa siku nyingi mfululizo, usiziunganishe kwenye mstari mmoja na vipimo vya nje. Zipe rangi yake kwenye grafu.